Taa Zangu Zimeingia Ukungu

Jumapili, 9 Februari

Mpwa wangu Spea,

Salamu za mjomba wako zikukute mzima, umeshiba, na usingizi haukudai kitu. Kwa jina hilo la Spea nimekosa wa kumwita tangu uondoke. Ulilipata kwa kukaa nyuma ya kiti changu kwenye lori kama tairi la spea, na sasa hapa uani yamebaki matairi ya spea ya kweli, ukiyaita hayaitikii.

Huku hatujambo. Utingo wangu wa enzi za lori bado amepanga chumba cha uani na bado anadhani yeye ndiye mwenye nyumba. Kikohozi chake kimepungua, mdomo haujapungua. Kuku wake sasa wanataga chini ya gari langu, na nikitaka kutoka asubuhi lazima kwanza tuombane ruhusa. Mama yako mdogo anamwoza mwanawe mwezi wa nne. Anataka niende na gari na nirudi usiku huohuo na wazee. Nimemwambia tutaona.

Kwa upande wangu, unaijua desturi yangu: sisemi naumwa, natoa ripoti ya gari. Injini inawaka kwa ufunguo wa kwanza. Shokapu za magotini zinalia nikipanda ngazi. Tangi limekuwa dogo, haliwezi kukesha bila kumwagwa. Honi ipo, muulize Utingo. Ila taa zangu zimeingia ukungu, na ya kushoto ndiyo mbaya zaidi. Usiku magari yakinijia kwa mbele naona kila taa imezungukwa na duara, kama mwezi wa mawingu. Sasa katika ukoo huu mwenye kazi ya taa ni wewe, nikasema nikuulize wewe kabla sijamwachia mtu mwingine azishike. Huwa inafanywaje?

Ulipoondoka nilidhani ni kwa mwaka mmoja. Sikulaumu, kazi ni kazi. Nimekaa hapa na kalamu, sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Dereva


Jumapili, 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu anwani uliiandika kwa maandishi makubwa yakapanda juu ya stempu, na mtu wa posta akakaa nayo akishangaa ni barua au ni kibao cha duka. Na mistari yako siku hizi inateremka kama lori lililokosa breki. Umeanza kuandikia gotini?

Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi nzuri. Pale gereji tuko sita, mwanamke ni mimi peke yangu, na bosi ananiita Kisu kwa jinsi ninavyokata filamu za kubandika magari bila kugusa rangi. Kwa hiyo sasa nina majina mawili, na yote ni ya vifaa. Mpe Utingo pole ya kikohozi, na umwambie binamu yangu hongera ya harusi.

Sasa nikija kwenye taa. Mjomba, nilicheka mpaka bosi akaja kuuliza kuna nini! Ni wewe uliyesema siku naondoka kwamba kubandika karatasi kwenye magari si kazi, ni kupamba keki. Leo mpamba keki anatafutwa. Sikwambii nimefurahi kiasi gani. Barua nimeibandika ukutani juu ya meza yangu ya kukatia.

Sikiliza basi. Kile kioo cha taa za magari ya siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu. Jua likiichoma miaka mingi inageuka manjano, mchanga wa barabarani unaikwaruza, na huo ndio ukungu unaouona. Kwanza inasuguliwa kwa msasa wa maji mpaka ing'ae. Halafu inavikwa utando wa kuikinga, yaani filamu. Usichague filamu ya rangi, ile ya moshi au ya manjano wanayoipenda vijana. Hiyo inapendeza ukiwa umeegesha na inakunyima mwanga ukiwa safarini. Ipo nyingine angavu lakini kavu, haivutiki, na taa ya gari lako ni ya mviringo, itakunjamana kama shati la kulalia. Yako wewe ni ile angavu inayovutika kama mpira. Ni nene kidogo, ikipigwa na kijiwe inameza kishindo, na ikikwaruzwa kidogo jua linaifuta alama yenyewe.

Jambo moja huwa nawaambia wateja wote, na wewe nakwambia usije ukanilaumu. Utando haurudishi mwanga uliokwisha kupotea. Unalinda uliobaki. Anayewahi ndiye anayefaidi.

Kabla sijakuchagulia, fanya kipimo hiki. Lowanisha kidole upitishe juu ya taa. Ukungu ukififia pale penye maji, basi uko nje na mimi nauweza. Usipobadilika, basi uko ndani, na utando wa nje hautakusaidia kitu.

Na kwa nini hupokei simu? Nimepiga mpaka nimechoka.

Wako,
Spea


Jumapili, 23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa mafungu, leo nusu ukurasa, kesho nusu, kwa sababu unaandika kwa kalamu nyembamba kama mguu wa mbu. Mwanamke mwenye kazi nzuri anunue kalamu ya maana.

Hatujambo. Kuku mmoja wa Utingo ameliwa na paka, na tumekaa matanga kana kwamba alikuwa na watoto wa kusomesha. Watoto wa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara bado nawapeleka shule asubuhi na kuwarudisha mchana, maana baba yao hawezi kuacha cherehani. Wananisumbua niwapigie honi kila kona. Mama yako mdogo nimemtumia ujumbe kuhusu ile harusi, kwamba gari lina hitilafu, sitafika. Amenuna, na akinuna yeye unamjua, mnuno wake una mizizi.

Simu nimempa Utingo. Hizi simu zenu hazina vitufe, ni kioo kitupu, na kidole changu kinabonyeza hewa. Mara ya mwisho nilitaka kukupigia wewe nikampigia mchimba visima.

Lile neno la kupamba keki sikujua kama lilikuingia hivyo. Nilikosea. Mtu akishaliona gari limevaa kazi ya mikono yako anyamaze. Kuna mahali katika barua yako nilitaka nikurekebishe kidogo, lakini ulikuwa unaeleza vizuri, umefurahi, nikaona nikuache umalize.

Kipimo nimefanya. Nimeosha kwa maji safi, asubuhi na jioni, nikafuta, nikatazama. Hakuna kilichobadilika. Uko ndani, mpwa wangu. Ukungu wenyewe uko ndani.

Ungekuja uzione mwenyewe. Yapo mambo yanayokataa kukaa kwenye karatasi. Njoo hata kwa siku mbili, nauli nitampa dereva wa basi huku huku, wananijua wote.

Mjomba wako


Jumapili, 27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo na unisamehe kuchelewa. Tumekuwa na magari ya kampuni moja yanayotakiwa yote kwa pamoja, na nikifika nyumbani nalala na viatu. Mama mdogo alinipigia kukusema kwa harusi. Nimekutetea. Nimemwambia dereva mwenye heshima hatoki na taa mbovu. Pole kwa marehemu kuku.

Kuhusu kuja, tuvute subira kidogo. Bosi ana mpango na mimi, na nikiondoka sasa nafasi itachukuliwa na mwingine. Nikija nataka nije vizuri. Mwezi wa nane, bila shaka.

Sasa mjomba, hilo la ukungu kuwa ndani haliwezekani. Gari lile nalijua kama mgongo wa mkono wangu, nimejifunzia kuendesha humo. Taa zake zimefungwa kiwandani kwa gundi na hazijafunguliwa hata siku moja. Maji yangeingia ndani ungeona matone yamening'inia. Wateja wengi husema hivyohivyo, uko ndani, uko ndani, kumbe hawakulowanisha sawasawa. Niamini mimi, hii ndiyo kazi yangu. Ukungu wako uko nje.

Nimekukatia filamu mwenyewe, vipande viwili, na dereva wa basi atakukabidhi mkononi. Humo ndani utakuta misasa yenye namba nyuma: anza na mkali, maliza na laini, na maji yasikauke hata dakika. Zungushia taa karatasi ya gundi kwanza usije ukasugua na rangi. Ikishang'aa ifute kwa spiriti. Halafu chukua chupa ya kupulizia, maji safi na tone la shampuu ya mtoto, puliza kwenye taa na kwenye upande wa gundi wa filamu, ili filamu iteleze upate kuisogeza. Ukishaiweka sawa toa maji kwa ile kadi niliyoifunga kitambaa, ukianzia katikati kwenda pembeni, pole pole, kama mtu anayekanda tumbo la mtoto. Penye kona azima draya ya nywele saluni, pasha moto, vuta. Kingo usizikatie juu ya taa. Gari lisioshwe kwa siku mbili tatu. Fanyeni asubuhi kivulini, na kuku wafungiwe mbali.

Ukimaliza utaona kama mtoto wa juzi.

Wako,
Spea


Jumapili, 18 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mzigo ulifika salama, na yule dereva wa basi akaniamkia kwa jina la enzi za lori, nikatembea kifua mbele mpaka nyumbani. Mama yako mdogo bado hatujapatana lakini ametuma picha za harusi. Utingo amenieleza moja moja, nani kavaa nini. Anasema bwana harusi ana masikio ya babu yako.

Taa tumezibandika. Niseme ukweli, msasa nilishika mimi, maana mikono bado ina adabu, lakini filamu yote ni kazi ya Utingo. Alisoma maelekezo yako kwa sauti kama anahutubia, akaanza. Mara ya kwanza filamu ilijikunja ikajigandisha yenyewe, akaitukana, tukaipulizia maji ikaachia. Mara ya pili akaanzia pembeni kwenda katikati, kinyume cha ulivyosema, likabaki povu kubwa kama jicho la samaki. Nikamwambia Spea ameandika katikati kwenda pembeni. Akajibu Spea hayupo. Tukarudia, ikakubali. Kuku tulisahau kuwafungia. Unyoya mmoja umebaki chini ya utando wa taa ya kulia, huku chini pembeni. Mimi sikuuona, Utingo ndiye aliyeniambia. Tumeuacha uwe sahihi ya fundi.

Basi taa za gari zinang'aa! Fundi cherehani amevuka barabara kuja kuzitazama, akasema anajiona humo mpaka meno. Majirani wanauliza nimenunua gari jipya. Nimewaambia ni kazi ya mpwa wangu.

Za gari, nasema. Mimi bado naona ukungu uleule.

Siku hizi Utingo amerudi kwenye kiti chake cha kushoto, kama zamani. Ananiambia, "Baiskeli kushoto. Mama na beseni kushoto. Sogea kulia." Watoto wanacheka wanadhani ni michezo ya wazee. Naye amekuwa mkali, hataki nitoke bila yeye. Ukija utatuona.

Njoo, Spea. Nimekwambia njoo uzione mwenyewe. Usingoje nafasi, nafasi haijawahi kumngoja mtu.

Mjomba wako


Jumapili, 29 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka haraka, wenzangu wananingoja. Mzima wa afya, njaa tu. Habari njema ni kwamba bosi amenipa upande wangu wa gereji, nina kiti changu, taa yangu na watu wawili chini yangu. Hadithi ya kuku na filamu nimewasomea wote, wamelala chini kwa kicheko. Unyoya chini ya utando! Miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona.

Hilo la kuona ukungu uleule mjomba acha masihara. Taa fundi cherehani anajiona mpaka meno, wewe huoni? Basi labda macho yako ndiyo yanayotaka kubandikwa filamu. Nitakuletea vipande viwili vidogo mwezi wa nane.

Nisalimie Utingo, fundi mwenzangu.

Spea


Jumapili, 10 Agosti

Mpwa wangu Spea,

Mkono huu ni wa Utingo, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. (Sitaongeza. Shikamoo zako nimezipokea kwa niaba. Utingo.)

Barua yako ya mwezi wa sita alinisomea yeye. Alipofika pale pa macho kubandikwa filamu alitaka kuruka mistari. Nikamwambia soma. Nikacheka kidogo, halafu sikupata nguvu ya kukujibu. Usidhani nilikasirika. Ulikuwa umegonga mlango wenyewe, nami nilikuwa nyuma ya mlango nimekaa kimya.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako mdogo amekuja, amesamehe harusi, amenikalia wiki nzima akinipikia na kunisema. Kuku wameongezeka.

Sasa nikueleze. Wiki mbili zilizopita Utingo alikwenda hospitali na kikohozi chake, nikatoka peke yangu kuwachukua watoto wa fundi cherehani. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, siku ambayo taa hazina kazi. Nikakata kona kuingia geti la shule. Kushoto kwangu, naapa, palikuwa peupe. Nikasikia mlio. Nilikuwa nimeivamia nguzo ya geti kwa taa ya kushoto. Mlinzi akaja mbio, watoto wakapiga kelele, na wale wa fundi cherehani walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwenye ile nguzo, na mikoba yao mgongoni. Sikuwaona, Spea. Nimeendesha maisha yangu yote bila kumgusa hata mbuzi. Ingekuwa mtoto badala ya nguzo ningemfuata kaburini.

Nikashuka nikapapasa taa. Imepasuka vipande kama ishirini lakini hakuna hata kimoja kilichoanguka chini. Utando wako umevishika vyote mahali pake. Kazi yako ni nzuri mpwa wangu. Nilisimama pale nimeiwekea mkono, nikaona haya.

Ufunguo nimempa Utingo palepale alipofika. (Alinipa bila kuniangalia, nikaupokea bila kumwangalia. Hilo naongeza mimi.)

Mama yako mdogo ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa macho. Binti wa umri wako, anasema taratibu. Kumbe jicho nalo lina presha, na hii haipigi kelele wala haiumi. Inaanza kula pembeni, inakuja katikati, na inakausha mshipa unaopeleka mwanga ndani. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kama tundu la ufunguo, lakini katikati ya tundu bado naona vizuri. Amenipa dawa ya matone. Nikamuuliza itanirudishia? Akasema, "Mzee, dawa hii hairudishi mwanga uliokwisha kupotea. Inalinda uliobaki. Ungewahi ungefaidi." Nikamuuliza kama anakufahamu wewe. Akasema hakufahamu.

Na ilikuwa ndani. Nilikwambia.

Lakini lawama ni yangu, usiichukue. Tangu barua yako ya kwanza nilijua umenielewa kombo. Ilikuwa niandike neno moja tu, macho. Miaka yote magoti nimeyaita shokapu, tumbo nimeliita tangi, tumecheka wote, na siku nilipotaka kuliita jicho kwa jina lake nikaogopa. Dereva akisema jicho amekwisha. Nikaona afadhali useme wewe, ukija ukiniona. Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nimeumbuliwa na nguzo.

Ombi langu ni moja. Uso wako ninao ule wa siku ulipopanda basi, umekasirika, umefunga kitambaa cha bluu. Miaka mingi nimekuwa nao huo mmoja. Ningependa kupata mwingine. Daktari hakusema mwanga uliobaki una muda gani. Ukija usije kwa kushoto, kushoto hakuna mtu siku hizi.

Mjomba wako,
kwa mkono wa Utingo


Ijumaa, 15 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za chumba wala za bosi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya gereji, kwenye maji ya sabuni. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Yote uliyaandika. Maduara ya taa, mistari inayoteremka, kalamu ya mguu wa mbu, harusi, simu, picha ulizoelezwa na Utingo, unyoya ambao hukuuona. Nilikucheka maandishi yako, mjomba! Na barua ile ya kwanza ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yangu mazima, nikiitazama kila siku na kujisifu.

Usinizuie kuchukua lawama, yangu naijua ukubwa wake. Uliniambia uko ndani, nami nikakujibu haiwezekani. Nilikuwa nimefurahi mno kuulizwa na wewe kitu ninachokijua, hata sikusikia ulichoniuliza. Na kuja sikuja kwa sababu ya kiburi, si bosi. Siku ile ya basi nilijiapiza sirudi mpaka niwe na gereji yangu yenye jina langu juu, uje uone keki ilivyopambwa. Kila uliposema njoo nilihesabu nimebakiza nini. Gereji sina. Nina upande mmoja wa gereji ya mtu, na kiti.

Ulikuwa unanidai mjukuu kila mara. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Huyo ndiye niliyekupatia.

Jana alikuja mteja na taa zimekufa kabisa, nyeupe kama maziwa. Akaniuliza kama filamu itazifufua. Nikaanza kumwambia lile neno langu la siku zote, la mwanga uliobaki, nikaliacha katikati. Nimemwachia mwenzangu.

Nimemuaga bosi. Amesema kiti hawezi kunishikia, nimemwambia akae mwingine. Naondoka kesho na basi la asubuhi, na huyu dereva wako anayekuamkia kwa jina la lori. Barua hii siitumi. Nakuja nayo mfukoni nikusomee mwenyewe, Utingo apumzishe koo. Matone yako nitakuwekea mimi, kila siku kwa wakati wake, mkono wangu hautetemeki. Taa ya kushoto ya gari nimempigia Utingo simu asiitupe. Ile ya kulia nitaifuta tu, unyoya nitauacha.

Kitambaa cha bluu bado ninacho, nitakifunga, ili usihangaike kuanza upya. Ila sitakuwa nimekasirika. Basi linafika mchana, mwanga ukiwa mwingi. Utingo nimemwambia pia atoe kiti nje mkae barazani, wewe na yeye, na akupe neno hili. Ukisikia geti usiulize nani, na usigeuke.

Nitazunguka nije nisimame kulia kwako.

Spea